Mtoto Anapanda Mti: Vitabu vya Picha, Ukoo na Ardhi ya Nakivale

Ndugu msomaji, chukua kalamu uandike sentensi hii fupi: Mtoto anapanda mti. Kisha itafsiri katika lugha yako ya kwanza. Nimewapa wanafunzi wangu sentensi hii mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika. Wengine huona mtoto aliyeinama, viganja vimejaa udongo, akishindilia mche ndani ya shimo. Wengine huona mtoto aliyekumbatia shina, mguu mmoja tayari uko juu ya tawi. Wote wamepata, kwa kuwa kitenzi kupanda hubeba maana zote mbili, na sarufi haina la kusaidia. Inayoamua ni picha.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya vitabu vya picha vya watoto, hasa vile vinavyosimulia habari za familia na miti. Tutavisoma tukiwa tumesimama mahali mahususi: Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nimepachagua kwa sababu pale sentensi yetu ina uzito usioonekana darasani. Kupanda mti kwa maana ile ya kwanza kunahitaji ardhi, na kunahitaji miaka. Vitabu vingi vya watoto huchukulia kwamba familia ina vyote viwili: babu alipanda, baba alipalilia, mjukuu anakula. Mtoto ambaye mwembe wa babu yake umebaki ng'ambo ya mpaka, asome kitabu gani?

Tuanze na mahali penyewe. Nakivale iko kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, kati ya vilima vya Ankole. Siku hizi ni sehemu ya Wilaya ya Isingiro, lakini wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbarara mwaka 2005 tu, na ndiyo sababu simulizi za wazee na maandishi ya zamani huitaja Nakivale kama mahali pa Mbarara. Makazi yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakaaji wake wa mwanzo walikuwa hasa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao Novemba 1959. Uganda yenyewe ilipata uhuru Oktoba 9, 1962. Tafakari jambo hilo kidogo: mahali palipokusudiwa kuwa pa muda ni pakongwe kuliko dola inayopatawala.

Hapo usisahau kutazama maneno. Serikali ya Uganda husema makazi, haisemi kambi. Makazi hutokana na kukaa. Kambi, kwa upande wake, ni neno la msafiri na la askari. Anayepiga kambi leo hutarajiwa kuing'oa kesho. Lakini kituo kikuu cha Nakivale, penye ofisi, soko na maduka, kinaitwa Base Camp, na jina hilo limeirudisha kambi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa usahihi kabisa kwamba anaishi makazini, pale kambini. Ukitaka kujua kwa nini swali la mti ni gumu huko, maneno haya mawili yanakutosha.

Historia iliyofuata imeyavuta makazi hayo pande zote mbili. Oktoba 1982 watu wengi waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa mashambani mwao katika Ankole, na baadhi yao walisukumwa kuingia makazini, hata wale ambao hawakuwahi kuwa wakimbizi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari na mabadiliko ya utawala Kigali, wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda, na wakati uleule Wanyarwanda wengine wakaingia Nakivale. Kisha wakaja Wakongo kwa mikupuo, kadiri vita vya mashariki mwa nchi yao vilivyowaka na kufifia tangu 1996. Wakaja pia Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na kuanzia 2015 Warundi wengi. Leo wakaaji wamezidi laki moja. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu sokoni, kwa sababu Mkongo wa Kivu na Mrundi wa mjini hufika nacho.

Sheria inasemaje kuhusu ardhi? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, husifiwa duniani, na kwa haki. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea nchini, na aliye makazini hupewa kipande cha ardhi bure ili alime au afuge. Hata hivyo kanuni zinaongeza kwamba ardhi hiyo imetolewa kwa matumizi ya mtu na familia yake tu, na kwamba hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuihamishia kwa mwingine. Neno familia limo ndani ya kanuni yenyewe. Familia itumie, isimiliki.

Wahenga wetu wana methali inayojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeisikia ikitajwa kana kwamba ni ukali, yaani mgeni asizoee kula bure. Mimi huiona pia kama heshima, kwa maana aliyepewa jembe ameshaacha kuwa mgeni wa kutazamwa. Uganda imeitimiza methali hii kuliko nchi nyingi tajiri. Lakini jembe hulima maharage na mahindi, mazao ya miezi michache. Methali haikusema siku ya ngapi mgeni apewe mche.

Tofauti hiyo haikutokana na karatasi za serikali peke yake. Jaribu kuitazama bustani ya mtu kama unavyotazama kalenda. Mpapai huzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi tangu ulipopandwa. Mgomba nao hauchelewi sana, na Isingiro ni nchi ya ndizi. Mwembe au mparachichi uliooteshwa kwa kokwa huweza kukaa miaka mitano, sita au zaidi kabla ya kutoa tunda la kwanza. Anayepanda mpapai anasema moyoni, mwakani nitakuwa hapa. Anayetia kokwa la embe ardhini amekubali jambo ambalo pengine hajawahi kulitamka mbele ya watoto wake. Nawafahamu watu wanaoona kupanda mti wa miaka mingi ugenini ni sawa na kukata tamaa ya kurudi. Siwalaumu. Anayewaona kuwa wavivu hajawahi kuulizwa swali hilo.

Na hao wasiotaka kupanda si watu wasiojua thamani ya mti. Kinyume chake. Katika Rwanda na Burundi za kale, ua wa nyumba ulijengwa mara nyingi kwa vigingi vya mtini wa asili ambao Wanyarwanda huuita umuvumu. Vigingi vya mti huo vina tabia ya ajabu: ukivichimbia ardhini vikiwa vibichi, huota mizizi na kuchipua. Basi nyumba ya nyasi ilioza na mwenye nyumba alikufa, lakini ua uliendelea kukua ukawa duara la miti mikubwa. Mahali pa namna hiyo palipokuwa ua wa mfalme au mtawala paliitwa ikigabiro, na watu walipaheshimu. Mpita njia aliiona miti akajua: hapa palikuwa na nyumba, hapa palikuwa na watu, na wazee wangeweza kumtajia majina yao. Kwa hiyo kumwambia mzee wa kutoka huko kwamba mti ni kumbukumbu ya familia ni kumfundisha samaki kuogelea. Anajua mno, na ndiyo maana hapandi ovyo.

Mtini huo una jamaa zake kote katika ukanda wetu. Waganda wana mutuba, ambao magome yake hutwangwa yakawa nguo ya kuvikia wafalme na kuzikia wafu. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wagikuyu wa Kenya wana mugumo, mti uliohesabiwa kuwa wa Mungu. Nitaurudia mugumo hivi punde, kwa sababu mti mmoja wa aina hiyo umo katika maisha yaliyozaa vitabu vya picha kadhaa.

Kabla ya hapo, turudi nyuma kidogo tuone jinsi kitabu cha picha kilivyopata njia ya kufika kwa mtoto anayesoma Kiswahili. Kwa muda mrefu vitabu vya watoto katika lugha hii vilikuwa vitabu vya shule. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa Kiingereza kama East African Literature Bureau, lilianzishwa mwaka 1948, na kazi yake ilikuwa kuwapatia wasomaji wapya maandiko. Picha zilikuwapo, lakini zilikuwa mapambo ya somo. Kitabu cha picha kwa maana ninayoitumia hapa ni kile ambacho ukiondoa michoro, hadithi inalemaa. Hicho kilihitaji rangi, karatasi nzuri na mnunuzi mwenye fedha, na mzazi wa kawaida hakuwa nazo. Nchini Tanzania hatua kubwa ilipigwa mwaka 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Wachapishaji wa nyumbani walihakikishiwa kwamba sehemu ya nakala zao itanunuliwa na kupelekwa mashuleni. Waandishi na wachoraji wakapata sababu ya kuendelea.

Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa na mzigo mwingine. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa Waganda wengi lugha hii ikabaki na sauti ya askari kizuizini. Mbarara, mji wenye kambi kubwa ya jeshi, unalijua hilo vizuri. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ninyi mnaojifunza leo mko ndani ya historia hiyo. Na kama mnaishi Mbarara, jueni kwamba hazina ya wasemaji wa lugha mnayoitafuta iko mwendo mfupi tu kutoka kwenu, kwa watoto ambao kwa kawaida hutazamwa kama wapokeaji wa kila kitu.

Mwaka 2014 lilitokea jambo lililobadilisha hesabu ya fedha. Taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilizindua African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, chini ya leseni ya wazi. Maana ya leseni ya wazi ni kwamba yeyote anaweza kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzichapisha, mradi awataje waliozitunga. Mwalimu anaweza kuchapisha hadithi katika duka la fotokopi mjini Mbarara, au kuifungua katika simu pale Base Camp, bila kumwomba mtu ruhusa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio ya mradi huo tangu mwanzo, na baadhi ya hadithi zilizosafiri mbali zaidi zilitungwa na watu wa huku.

Hata hivyo tafsiri ina mitego yake, na hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya njia. Mwandishi Mkenya Ursula Nafula ana hadithi ya ndizi, ambamo mama mzee ana siri ya mahali anapoivishia ndizi zake na mjukuu anaichunguza. Ni hadithi tamu, na kwa watoto wa nchi ya ndizi haihitaji maelezo. Lakini huyo mama mzee aitwe nani kwa Kiswahili? Mtanzania atasema bibi. Mkenya atasema nyanya, neno ambalo kwa Mtanzania ni kiungo cha mchuzi. Na mtoto aliyetoka Bukavu, aliyezoea kusikia baba yake akimwita mama yake bibi yangu, kwa maana ya mke wangu, atashangaa mbona bibi amezeeka hivyo. Mtoto huyohuyo huenda akasema bitabu pale unaposema vitabu. Usimsahihishe kabla hujamsikiliza. Hajakosea, anasema Kiswahili cha kwao. Katika kitabu kinachohusu familia, neno la kwanza linaloweza kuteleza ni jina la ndugu mwenyewe. Kwa mara nyingine picha ndiyo inayookoa: mtoto anaona mvi na mgongo uliopinda, anajua ni nani.

Sasa tuje kwenye mugumo. Wangari Maathai alizaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 2006 kwa jina la Unbowed, anasimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na chemchemi, na mtoto Wangari alicheza na mayai ya chura majini akitamani kuyavaa kama shanga. Akaenda kusoma Marekani mwaka 1960. Aliporudi nchini alikuta shamba lile limepata mwenyewe mpya, ambaye aliuona mti unamalizia nafasi, akaukata ili apande chai. Chemchemi nayo ilikuwa imekauka.

Kutokana na maisha hayo vimeandikwa vitabu vya picha kadhaa nje ya Afrika. Mwaka 2008 peke yake vilitoka viwili nchini Marekani, kimoja cha Jeanette Winter na kingine cha Claire A. Nivola. Mwaka 2010 kikatoka Mama Miti, maneno ya Donna Jo Napoli na michoro ya Kadir Nelson, aliyechanganya rangi za mafuta na vipande vya vitambaa vyenye maua. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza lakini jina lake ni la kwetu, na lina somo zuri la sarufi. Kwa nini si Mama wa Miti? Kwa sababu Mama Miti limejengwa kama Mama Asha au Mama Juma. Hatusemi kwamba mwanamke huyo anamiliki Juma au anashughulika na masuala ya Juma. Tunasema amemzaa na kumlea, na jamii inamtambua kwa mtoto wake. Hivyo jina Mama Miti linaiweka miti mahali pa watoto. Mwandishi wa Kiingereza angehitaji sentensi nzima kueleza hayo.

Ndani ya hadithi ya Mama Miti, wanawake wanamwendea Wangari mmoja mmoja, kila mmoja na shida ya nyumba yake: huyu hana chakula cha watoto, yule hana kuni, mwingine hana malisho ya mbuzi wake. Kila mmoja anarudi na mti unaofaa kwa shida hiyo. Napenda mpangilio huo, kwa kuwa unaonyesha familia nyingi badala ya shujaa mmoja. Katika maisha halisi pia ndivyo ilivyokuwa. Harakati ya Green Belt ilikua chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, na wanawake wa vijijini walijifunza kuotesha miche kwa akili zao wenyewe, huku maafisa wa misitu wakidhani kazi hiyo inataka diploma. Walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliostawi. Msisitizo ulikuwa pale, kwenye kustawi.

Lakini vitabu hivyo vya picha, kwa haraka ya kufika kwenye ushindi, huruka mambo mawili ambayo msomaji wa Base Camp angeyahitaji kuliko wengine. La kwanza ni kushindwa. Upandaji wa kwanza wa harakati hiyo ulifanyika Juni 5, 1977 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ilipandwa miti 7, kwa heshima ya mashujaa 7 wa jamii mbalimbali za Kenya. Iliyodumu ni miwili. Mitano ilikufa. Sijui kama kuna picha nzuri zaidi ya kumwonyesha mtoto ambaye mche wake umeliwa na mbuzi.

La pili ni ardhi. Tunamjua Wangari kama mtoto wa vilima vya Nyeri, na vitabu humchora hivyo. Kumbe mwaka 1943, akiwa mtoto mdogo sana, alihamia na mama yake karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi Mzungu. Huko familia ziliishi kama maskwota: zilipewa kishamba cha kulima, zikatoa jasho lao kwa mwenye ardhi, lakini ardhi haikuwa yao na haikuweza kuwa yao. Mama alirudi na watoto Ihithe mwaka 1947, na kaka yake Wangari, Nderitu, ndiye aliyeuliza kwa nini dada yake haendi shule kama wao. Ukiweka miaka ile minne ya Nakuru karibu na kanuni za mwaka 2010 za Uganda, utaona tofauti kubwa. Mkimbizi wa Nakivale hamfanyii kazi mlowezi. Bali mtoto anayekua juu ya ardhi ambayo familia yake inaitumia tu bila kuimiliki angemtambua msichana yule mara moja, kama angalionyeshwa. Kitabu cha picha chenye ukurasa wa Nakuru bado sijakiona.

Wazungu wana hadithi yao maarufu ya upandaji miti, ile ya Jean Giono iliyoandikwa mwaka 1953 na kugeuzwa filamu ya michoro na Frédéric Back mwaka 1987. Ndani yake mchungaji wa Ufaransa anapanda mialoni kwa miaka mingi, kimya, peke yake. Amekwisha kufiwa na mwana wake wa pekee na mke wake. Ni hadithi nzuri, na ni hadithi ya mtu aliyebaki bila familia akaamua kuwa na msitu. Kwetu upweke wa namna hiyo haueleweki kirahisi. Mpanda miti wetu huwa na wanawake wenzake, na mtoto mgongoni.

Nimeacha hadithi moja mwisho, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja, ingawa ndani yake hakuna anayetia mche ardhini. Inaitwa Simbegwire. Imetungwa na Rukia Nantale wa Uganda, ikachorwa na Benjamin Mitchley, na imo katika mkusanyo wa African Storybook. Kwa Kiswahili pia ipo. Simbegwire ni msichana aliyefiwa na mama. Baba yake anamtunza vizuri, kisha anaoa mke mwingine, Anita, na kwa kuwa kazi humpeleka baba mbali, mtoto anabaki na mama wa kambo anayemchosha kwa kazi na ukali. Kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwa mama ni blanketi la rangi nyingi. Asubuhi moja Anita anamvuta kutoka kitandani, blanketi linanasa kwenye msumari na kuchanika vipande viwili. Simbegwire anachukua vipande hivyo na chakula kidogo, anatoroka, akifuata njia aliyopita baba yake.

Jioni inaingia. Anafika kando ya kijito penye mti mrefu. Simbegwire anapanda mti.

Hapa ndipo sentensi yetu ya mwanzo inapogeuka upande wake wa pili. Mti huo hakuupanda yeye wala babu yake. Hajui ni wa nani, na hadithi haitusumbui kwa swali hilo. Anatandika matawini, anajiimbia wimbo wa kumlilia mama, analala. Kesho yake wanawake wanakuja kijitoni kufua. Wanasikia sauti juu, wanadhani ni upepo katika majani, wanaendelea na kazi. Mmoja tu anasikiliza kwa makini. Anainua macho, anaona mtoto, anaona vile vipande vya blanketi, na kwa vipande hivyo anamtambua: ni binti wa kaka yake.

Kiswahili kina neno moja kwa mwanamke huyo, shangazi, yaani dada wa baba, na kinamtofautisha na mama mdogo na mama mkubwa, ambao ni ndugu wa mama. Kiingereza huwatupa wote katika kapu moja. Kwa mtoto wa Nakivale tofauti hiyo si suala la mtihani. Familia nyingi zilivuka mpaka zikiwa vipandevipande, na aliyefika na mtoto mara nyingi ni shangazi, mjomba, au jirani aliyekuwa njia moja. Akiulizwa ofisini huyu ni nani wako, neno sahihi lina kazi ya kufanya.

Hadithi haiishii na Anita akiadhibiwa. Baadaye Anita anakuja kwa shangazi, anaonyesha majuto, na mwishowe mtoto anarudi kwa baba yake kwa hiari yake mwenyewe. Lakini ukurasa ninaourudia darasani ni ule wa kijitoni. Wanawake wengine wameacha kufua. Wamesimama chini ya mti, mikono juu, wakimsaidia mtoto kushuka. Nikiuonyesha, huwaomba wanafunzi waandike sentensi moja tu juu ya kila mtu aliye pichani, wakitumia jina la undugu lililo sahihi. Fanya hivyo na wewe. Ukimaliza, tafuta mtoto wa Kikongo au wa Kirundi anayejua Kiswahili, mwonyeshe picha hiyohiyo bila kumsomea maneno, na umwombe akusimulie yeye.